Mume Wangu Anasema Moto Ukija Yeye Atabaki

Mpendwa mshauri Felismina, naomba msaada wako, na unisamehe nikianza na furaha, maana nimeolewa Februari na Hermínio na bado nikisikia gari lake likipanda mlima moyo unaruka, ni mpole, ana mikono mizuri, na kazi yake halmashauri ni kuwasha moto wa msituni wa kubuni kwenye kompyuta, anaupulizia upepo wa mashariki na kutazama utapita wapi, mama mkwe, tunayeishi naye, humtania, “Mwanangu anachoma bonde zima kila siku, na bado wanamlipa!” Shida ni kwamba kila akiuwasha moto huo unapita kwetu, kwa sababu ya msonobari mkubwa ulioegemea paa, na chini ya msonobari huo ndipo aliponiposa, mshauri, ndipo tulipokula chakula cha harusi, kwa hiyo alipoleta msumeno wa injini niliukumbatia ule mti nikalia mpaka akauzima msumeno.

“Basi, mke wangu, mti ubaki,” akasema. “Lakini moto ukija, wewe na mama mtapanda gari. Mimi nitabaki na mpira wa maji.”

“Unatania.”

“Nani atalowesha vigae vya paa? Wewe na machozi yako?”

Alicheka, ila kesho yake alinunua pampu. Sasa akitoka kazini anafyeka vichaka hadi giza, anasinzia juu ya supu kijiko kikiwa mkononi, na mimi namtazama nikimpenda na kuogopa, nimechoka kuogopa, naye hataki kusikia habari ya kuondoka. Nimwambie nini aondoke nami?

Graciete, Góis

Graciete, binti yangu, hongera kwa ndoa. Sasa nisikilize.

Kila Mei, kabla ya msimu wa moto, napata barua kama yako, na nyingine huja Septemba, zikiwa zimechelewa. Zile za Septemba zimenichosha.

Unaniuliza namna ya kumtoa mumeo mbele ya moto, na ni wewe uliyemweka hapo. Anajua utapita wapi kuliko mtu yeyote bondeni, na bado amekubali kuusubiri na mpira wa bustani, kwa kuwa ulilia. Nakuelewa, hata mimi niliwahi kuwa bibi harusi. Lakini acha utoto.

Mwambie leo aulete tena msumeno. Mti ukatwe wiki hii, asubuhi kukiwa na umande, kabla joto halijafanya cheche za msumeno wenyewe kuwa hatari. Ukitaka kulia, lia, ila usimshike mkono. Kuni zilizopangwa ukutani zihamishie mbali, na majani makavu juu ya paa uyaondoe wewe, yeye apumzike.

Mti ukishaanguka, usidhani yamekwisha. Mkalishe mezani, mama yake akisikia, aahidi kwamba mtaondoka wote watatu mara tu mtakapoambiwa, mapema, barabara ikiwa bado inaonekana. Wengi wetu huku tulizika watu waliosubiri kidogo, kisha wakakimbilia katikati ya mikalitusi inayowaka.

Akikataa, usimbembeleze wala usimkumbatie. Mwambie, “Sawa, basi na mimi nabaki,” kisha nyamaza. Mimi nakujua kwa barua moja tu. Yeye anakujua zaidi. Atawasha gari mwenyewe.