Ukanda Uliomchubua Kalekye

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Zombe tupo, ila magoti yananisumbua. Mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Unauliza kama uanze kuuza sabuni yako kabla watu hawajaijaribu. Mimi viondo vyangu vya kwanza, vikapu vya mkonge, nilivisuka kwa kujificha, nikiogopa kuigwa. Sokoni wanawake walivijaribu, wakavirudisha bila kusema kwa nini. Nikarudi navyo vyote. Ndipo nikampa jirani yangu Kalekye kimoja abebee mbaazi. Kesho yake akanionyesha paji la uso: ukanda wa kukibebea kichwani ulikuwa umemchubua. Tukausuka upya pamoja, mpana zaidi.

Mtafute Kalekye wako kwanza. Wangu tulimzika Jumatatu, na hapa nina kiondo kipya, sijui nimwonyeshe nani.

Nyanyako