Nyumba ya Waseme

Jumamosi, 3 Novemba 1934
Nimechota maji, nimefagia duka, nimefuta kioo cha taa. Hesabu za shule bado. Mbwa wetu Waseme amelala tena baraza ya nyuma, na Baba amekuta nyayo zake kwenye msala wa kuswalia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Uamuzi wake ni huu: mbwa wa ulinzi si haramu, lakini mate yake yasifike tunaposwali. Apate makao yake uani kabla mvua hazijashika. Akikanyaga baraza tena, hata mara moja, anarudi Buzwagi kwa Mjomba aliyetupatia.

Na ana mimba. Tumbo karibu liguse chini. Nilitaka kumwambia Baba kwamba nampenda mbwa huyu kuliko watu wengi wa Kagongwa. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Jumatatu, 5 Novemba
Kitabu chetu cha Kiingereza kina picha ya nyumba ya mbwa. Mbao tupu, rangi nyekundu. Mbao zetu sisi ni masanduku mawili ya sabuni, na Baba anayakalia. Nimechimbia fito, nimeezeka kwa majani makavu ya karanga, maana ndiyo yaliyokuwa karibu. Kibanda kimesimama. Nimejisifu moyoni mchana kutwa.

Jumanne, 6 Novemba
Mbuzi wa jirani wamekula paa. Lote. Mmoja alikuwa juu ya fito, anatafuna, ananitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi. Waseme kalala pembeni, hata kubweka hakubweka. Mlinzi gani huyu! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikatazama mawingu, nikaacha kucheka.

Alhamisi, 8 Novemba
Mjomba Masanja, kaka yake Mama, amepita akienda mnadani. Yeye na Baba hawakutani bila utani.

"Shemeji, ninyi watu wa pwani mnaogopa mate ya mbwa kuliko meno ya fisi!"

"Fisi hajawahi kulamba msala wangu. Na wewe ukioga mara saba, ng'ombe wako hawatakujua."

Jina Waseme ni kazi ya Mjomba. Alimpa ili majirani zake wasikie kila akimwita. Mimi naona haya kulitaja sokoni. Huwa napiga mluzi tu.

Mama ametoa kihenge chake kikuukuu cha kuwekea mtama, kilichotoboka kitako. Nimekilaza ubavu uani, pale palipo tambarare. Nimeziba kitako, nimekandika udongo na samadi. Mawe mawili yanakizuia kisiviringike. Mbuzi wamenusa, wakaenda zao.

Ijumaa, 9 Novemba
Waseme hataki kuingia. Ananusa, anaondoka. Nikatambaa ndani mwenyewe kumwonyesha. Mara Mwajuma, binti wa fundi cherehani, akapita na debe kichwani.

"Saidi! Umehama kwenu?"

Nilibaki humo mpaka hatua zake zikaisha. Uso unawaka. Nilipogeuka, Waseme alikuwa ameingia, amejilaza miguuni pangu. Sijui alinihurumia au vipi.

Mwajuma analijua jina langu. Naliandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kulisema.

Jumapili, 11 Novemba
Amezaa asubuhi. Watano.

Mchana mbingu ikawa nyeusi. Upepo, kisha mvua ya mawe. Maji yakashuka kutoka barabarani, yakapita katikati ya ua, moja kwa moja mpaka kwenye kihenge. Mjinga mimi! Pale palikuwa tambarare kwa sababu ndipo maji yanapopita kila mwaka. Nikakiona kinateleza, polepole, na wote wamo ndani.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Mdomo wangu ukajifunga, kama siku zote mbele yake. Kisha nikasikia mtu anapiga ukelele, "Baba, watakufa!" Kumbe ni mimi.

Akapandisha kanzu, akatoka, mawe yakimgonga upara. Tukakivuta. Kizito, tope magotini. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu. Tukakipandisha barazani. Waseme akatoa kichwa, akamlamba Baba mkono mpaka kiwiko.

Watoto wazima, wote.

Nikasubiri hukumu. Baba alikuwa anahema. Akakitazama kihenge, akamtazama mbwa aliyemo.

"Hajakanyaga baraza," akasema. "Amekanyaga kihenge."

Kisha akanituma udongo safi. Akaanza kuosha mkono mara saba, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa, ya kwanza kwa udongo, akihesabu kwa sauti. Alipofika sita, Waseme akanyoosha shingo, akamlamba tena. Ikabidi aanze moja. Mama alicheka jikoni mpaka akaangusha mwiko.

"Kaka yako asilisikie hili," Baba akamwambia.

Jumatatu, 12 Novemba
Manyunyu. Baada ya swala ya alfajiri Baba amechukua jembe, akaenda pembeni mwa ua, kwenye mwinuko. Anasawazisha mahali pa kihenge, anachimba mfereji kuzunguka. Hakuniita. Nimechukua karai, nikasomba udongo.

Baadaye akauliza madume ni wangapi. Nikasema sijui, bado ni wadogo mno, naogopa kuwashika.

"Basi tutajua wakikua," akasema, akaendelea kuchimba.