Kalamu ya Umeme Imenisuta

Nyuma ya mashine ya mpunga,
Segese, Msalala.
9 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu na mke wangu mdogo Anisia,

Mwangaluka! Shikamoo yako nimeisikia tangu huko Mtwara, nami najibu kabla hujaitoa mdomoni: marahaba. Hujambo? Mwili hausumbui? Mtoto Blessing ameshatembea au bado anatambaa kama askari? Na yule aliyeniibia mke, Sostenes, bado anakulisha samaki asubuhi na jioni, au amejifunza kula michembe ya viazi kama watu waliolelewa?

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linatabiri mvua ambayo hainyeshi, na meno yamebaki manne ambayo hayasalimiani. Vumbi la mwaka huu ni baya, malori ya mgodini yanapita tunakohoa mpaka kuku wanakohoa. Pamba tumeshauza. Mpunga umejaa chumbani kwako. Usinune, bado tunakiita chumba cha Anisia, hata magunia yanajua kwamba yamepanga tu.

Bibi yako Mbuke bado yuko Mhunze kwa shangazi yako Dorika, leo wiki ya tisa, tangu siku ile aliyopigwa shoti akaanguka akateguka mkono. Mkono umepona, anasongea ugali nasikia. Mwenyewe hajarudi. Nakula kwa jirani, nalala upande wangu wa kitanda, na upande wake nimeuwekea redio. Redio haikoromi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa usingizi kwa sababu hakuna anayekoroma.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu mimi ni mwongo, unanijua. Nikisikia mtu anacheka naongeza chumvi. Karatasi haicheki. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikipinda zinyooshe mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma mpaka cheti cha ufundi umeme.

Sasa nije kwenye mzigo wako. Ile kalamu ya kupimia umeme imefika salama, pamoja na karatasi ya maelekezo uliyoiandika kwa herufi kubwa kama unamwandikia kipofu. Wabeja sana. Nilipofungua nilidhani umenitumia kipimajoto, nikaanza kuitafutia kwapa. Kumbe ni kitu cha kusogeza tu karibu na waya, wala hakigusi shaba. Kikikuta moto kinawaka taa nyekundu na kulia kama kifaranga kilichokanyagwa.

Siku ya kwanza nilipima kila kitu. Nilipima mbuzi, kimya. Nilipima ubavu wangu nione kama bado umebaki moto wowote, kimya, nikasikitika. Alhamisi nikaenda nayo jumuiya, na katekista Gelasius alipofika katikati ya sala yake ile isiyo na mwisho, nikaisogeza polepole kwenye goti lake. Kimya. Nikamnong'oneza mama aliyekaa pembeni yangu kwamba hapa hakuna kinachopita. Akaangua kicheko, tukatolewa nje wote wawili.

Baada ya michezo nikasoma karatasi yako vizuri. Umeandika kwamba nianze kuipima kalamu yenyewe kwenye soketi ninayojua ina umeme, ndipo nipime mahali ninapotaka, kisha nirudi tena kwenye ile soketi. Na ikinyamaza nisifurahi haraka, huenda betri imekwisha. Hilo nilielewa kuliko ulivyodhani. Duarani, kule tulikochimba dhahabu, tulikuwa tunatanguliza mshumaa kwenye shimo kabla ya mtu kushuka, tujue kama chini kuna hewa. Mshumaa ukizimika, hakuna kushuka. Lakini lazima uwe umeuona unawaka kwanza huku juu, la sivyo umeshusha kijiti cha nta tu.

Basi Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nikaanza. Soketi ya redio: ikalia. Mlango wa mbao: kimya. Nikazima swichi ya sebuleni, ile iliyo karibu na kiti changu, nikapanda juu ya meza na kuisogeza kalamu kwenye holda ya globu, palepale bibi yako alipopigiwa.

Anisia, ililia.

Nikashuka nikaitazama swichi. Imezimwa. Nikawasha, nikapanda, ikalia. Nikazima, nikapanda, ikalia vilevile. Nikaitukana matusi ya mgodini, nikasema hii imetengenezwa na wapumbavu. Nikarudi kwenye mlango wa mbao, kimya. Nikarudi kwenye soketi, ikalia. Yaani kalamu ina akili zake timamu. Nikakaa kwenye kiti, jasho linanitoka, na siku yenyewe haikuwa ya joto.

Kwenye karatasi uliandika kwa mstari mwekundu kwamba ikilia mahali ilipotakiwa kunyamaza, nizime meni swichi na nisiguse kitu, nimwite fundi. Nikazima. Nikampigia Onesmo, yule fundi wa umeme wa pale sokoni. Alikuja na kibegi chake, akarudisha umeme, akaweka kalamu yako pale juu, ikamlilia na yeye. Akazima tena meni swichi, akapima kwanza kwa kamera yake ya umeme, sijui anaiitaje, ile yenye waya mbili na namba, kisha akafungua swichi yangu ukutani. Akachungulia muda mrefu.

"Mzee Masalu, swichi hii nani aliihamisha?"

"Shetani."

"Shetani huyo ana plaizi?"

"Anayo. Aliiazima kwako mwaka jana, hukumwona akirudisha."

Hakucheka, Anisia. Onesmo ambaye hucheka hata msibani. Alisema, "Basi huyo shetani amepeleka waya wa moto moja kwa moja kwenye holda, akaipa swichi nyutro. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini moto unabaki juu unamsubiri mtu. Mama alizimiwa taa. Umeme hakuzimiwa."

Hapo ndipo kalamu yako iliponisuta, na mimi sasa najisuta mwenyewe mbele yako.

Shetani ni mimi. Mwaka jana swichi ilikuwa mlangoni, nami nilichoka kuinuka kila jioni. Nikaihamisha ije karibu na kiti, niwashe na kuzima nikiwa nimekaa, kama bosi. Niliona Onesmo anavyofanya, nikasema waya ni waya. Taa ikawaka, ikazimika, nikajisifu mwezi mzima. Bibi yako alinipikia kuku.

Halafu siku yenyewe. Wewe ulisikia kwa mdomo wangu, sasa soma upya. Globu ilikuwa imepasuka, kioo kikadondoka, kile kichwa chake cha bati kikabaki kimeng'ang'ania kwenye holda. Mimi nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Bibi yako akapanda stuli ya chuma, miguu mitupu, akaniambia zima kwanza. Nikanyoosha mkono nikabonyeza swichi bila hata kugeuza shingo. Kisha nikaita, "Kweupe!"

Neno hilo huwezi kulijua uzito wake, wewe ulizaliwa tumeshaacha kuchimba. Tulipochimba duara letu wenyewe kule shambani, bibi yako ndiye aliyekaa juu. Wachimbaji wenzangu walinicheka sana, eti nimeweka mwanamke mdomoni pa shimo. Aliye juu ndiye anayekagua kamba, anakagua magogo, anatazama mshumaa. Akishaona kila kitu ndipo anaita kweupe, na aliye chini anaweka mguu bila kuuliza. Miaka miwili niliweka mguu gizani kwa neno la Mbuke. Siku moja alikataa kuita, nikamtukana, nikamwambia amechoka kushika kamba. Kabla ya mchana ukuta wa shimo uliporomoka wenyewe, na mimi nikiwa juu nakula kiporo. Hakuwahi kuita kweupe mahali ambapo hajaangalia. Hata mara moja.

Mimi niliita nikiwa nimekaa.

Na baadaye, alipokuwa amelala sakafuni ameshika mkono, watu wakajaa, wakauliza imekuwaje. Nikasema alipanda na mikono yenye maji. Nilisema mbele ya majirani, nikasema kwa Dorika, na wewe nilikuambia hivyohivyo, nawe ukahuzunika ukaniambia nimfundishe bibi kujifuta mikono. Yeye alinisikia. Alinitazama tu. Kesho yake Dorika alipokuja kumchukua kwa matibabu, alifunga nguo zote, hata kanga ya Pasaka. Mtu anayekwenda kutibiwa mkono hafungi kanga ya Pasaka. Niliona, nikajifanya natafuta kiatu.

Onesmo amerekebisha kila kitu. Waya wa moto sasa unapita kwenye swichi, holda mpya, na swichi imerudi mlangoni ilikokuwa. Alikagua vyumba vyote, hata cha magunia. Alipomaliza aliniambia nipime mwenyewe. Soketi, ikalia. Swichi nikazima, nikapanda mezani, nikasogeza kalamu kwenye holda. Kimya. Nikarudi kwenye soketi, ikalia. Akaniambia niendelee kufuata karatasi yako, na kwamba kalamu ni ya kunionya tu, haijanipa ruhusa ya kushika waya. Akaondoka na plaizi zake.

Nikapiga simu Mhunze palepale. Dorika akampa mama yake.

"Mbuke, nyumba imepona."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Haya. Usiku mwema."

Ilikuwa saa saba mchana.

Kesho yake Dorika alinipigia akiwa anajizuia kucheka. Mama yake amesema atarudi siku ile Anisia atakapotoka Mtwara, aingie nyumba hii, apime kila chumba kwa mkono wake, na aseme kwa mdomo wake kwamba ni salama. Mwingine yeyote hamwamini. Onesmo hamwamini kwa sababu anakunywa na mimi.

Nilifurahi, Anisia, nisikudanganye. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwamba wenye dhahabu. Miaka minne hujakanyaga Segese. Mwaka wa kwanza ulisema likizo imebana, wa pili ukasema mimba, wa tatu mtoto ni mchanga, wa nne sikuuliza. Nikajisemea: Masalu, sasa una mtego wa kunasa wawili kwa siku moja. Jumatano nikaandika barua ya kukuita. Niliijaza kikohozi na goti. Ilikuwa barua nzuri, hata mimi ilinitoa machozi. Nikaichana.

Niliichana kwa sababu ungekuja, na kalamu ingenyamaza, nawe ungemwambia bibi yako kwamba ni salama. Angerudi. Angepika, tungekula, na ingekuwa tumenyamaza wote kuhusu maji ya mikononi. Angekuwa amerudi kwa neno lako. Halafu nawe ungeondoka kwenda Mtwara, nami ningebaki na mwanamke ambaye kila nikimwambia kitu anageuka kutazama kama kuna mtu mwingine wa kuthibitisha. Siwezi kuzeeka hivyo. Yaani nimeshazeeka, lakini siwezi kumalizia hivyo.

Kwa hiyo usije kupima. Mimi mwenyewe Jumatatu napanda gari la Kahama, nishike la Shinyanga, kisha la Mhunze. Sitapiga simu kabla, maana ataenda kujificha shambani. Nitamwambia mbele ya Dorika na mume wake, na majirani zao wakitaka wasogeze viti, kwamba mikono ilikuwa mikavu, swichi niliiharibu mimi, na niliita bila kuangalia. Sijui nitaanzaje. Utani ninao wa kujaza gunia, lakini neno hili moja nimelifanyia mazoezi kwa mbuzi siku tatu na bado linakwama. Akinifukuza, nitalala kwa balozi wa mtaa wao na kesho yake nirudi tena mlangoni. Akinifukuza tena, ndiyo kwanza nitakuwa nimeanza.

Wewe naomba kitu kimoja. Njoo Krismasi. Usije kwa sababu ya bibi, wala ya umeme, wala ya goti langu, goti nilitia chumvi. Awepo Mbuke au asiwepo, njoo tu, usitafute sababu. Nitatoa magunia.

Nisalimie Sostenes, mwambie mwenye mke anamsalimu na bado hajasamehe. Mbusu Blessing kwenye shavu la kushoto, la kulia nitakuja kulidai mwenyewe. Shangazi yako Dorika anakusalimu, na katekista Gelasius pia, ijapokuwa mimi hanisalimu. Mungu akulinde kazini, kila waya utakaoushika uwe umelala, na kila jioni akurudishe kwako ukiwa na vidole vyote kumi.

Ni mimi babu yako, mume wako wa kwanza, ninayekukumbuka kila siku na Jumapili mara mbili,

Stanslaus Masalu