Sauti ya Mama Niliyompa Elibariki

Jumapili, Agosti. Singida mjini.

Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Sijaenda kanisani. Ningekaa pale nimekunja sura, watu wadhani naumwa, na mimi siumwi. Nina hasira.

Elibariki amenisaliti.

Niandike taratibu, labda nitapoa. Elibariki nilisoma naye chuo, yeye wa Kinyangiri, mimi wa Mtinko. Mwaka huu tumekuwa tukitengeneza programu ya mapokezi ya zahanati. Huku kwetu mgonjwa mmoja anaweza kuwa na kadi tatu: leo karani kaandika Mghenyi, siku nyingine Mgenyi, siku nyingine Mughenyi, na kila akija kompyuta inamwona mtu mpya. Programu yetu inapima majina mawili yametofautiana herufi ngapi, halafu inalinganisha yanavyotamkwa. Yakikaribiana, inamuuliza karani: si huyu huyu?

Ili ijifunze matamshi, ilihitaji sauti za watu wa huku, hasa wazee. Sisi wa mjini majina ya Kinyaturu tunayaparamia tu. Nikamwomba mama.

Alinitajia majina ya ukoo mzima, nikimrekodi kwa simu. Likabaki la babu, mzaa baba. Kwetu mwanamke hataji jina la mkwe wake. Mama ameolewa pale miaka yote, na babu ni "mzee" tu. Hata jirani mwenye jina kama hilo, mama humwita kwa jina la mwanawe. Sikumlazimisha. Yeye mwenyewe alisema, kama litasaidia wagonjwa, basi. Akafunga mlango wa jiko, akalitamka mara moja, akacheka kwa aibu huku kajifunika uso kwa kanga.

"Hili ni la kompyuta tu, mwanangu. Asilisikie mtu."

Nilimpa Elibariki rekodi, nikamweleza haya yote. Yeye ni Mnyiramba, jirani yetu sisi Wanyaturu, ana mama, ana babu, hakuhitaji kufundishwa mkwe ni nani. Akasema, "Nimekuelewa, dada."

Ijumaa akarusha mtandaoni video ya kutangaza programu. Sauti ya kwanza ni ya mama. Jina la babu, halafu kile kicheko.

Kati ya sauti zote tulizonazo, alichagua hiyo. Nilipompigia alisema ndiyo yenye mvuto, watu wanapenda vitu vya asili. Vya asili! Angekuwa mtu wa mbali ningesema hajui. Alijua, na ndicho kinachoniuma. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nilikuwa naisema kwa mdomo tu.

Ameifuta. Imesaidia nini? Ilishafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na baba mdogo akamwekea babu asikilize. Babu hakugomba. Jana mama alipompelekea ugali na mlenda, alisema hana njaa. Baadaye akala kwa baba mdogo. Mama ndiye aliyekuwa akimpikia tangu bibi afariki.

Mama kanipigia leo mchana. Nilitegemea alie, au anifokee. Aliniuliza nimekula nini, kisha akasema, "Nilikuambia wewe. Sikumwambia huyo kijana."

Basi. Mama hamjui Elibariki hata kwa sura. Kwake msaliti ni mimi.

Naye Elibariki anaendelea kutuma ujumbe. Anasema tusiharibu kazi nzuri kwa ajili ya kisauti kifupi. Anasema programu ni yetu sote wawili. Ni kweli, na inafanya kazi vizuri, na hilo linanikera zaidi. Sauti ya mama nimeshaitoa kwenye programu. Programu ikishindwa kulitambua jina la babu, ishindwe.

Nilimwambia mama nakuja kesho.

"Njoo," akasema, "ila simu iache huko huko."

Nitapanda gari la asubuhi. Nikifika nitapiga goti mbele ya babu, nimpe shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Sasa najiuliza: asipoitikia, nitainukaje?