Akinyi, Nimekalia Kiti Chako

Akinyi,

Kiti cha tarumbeta ya kwanza kimepata mtu. Ni mimi, na nakuandikia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine. Usidhani nimekushinda.

Tangu tukusindikize uwanja wa ndege ukirudishwa Kisumu, wewe chini na mizigo, baba yako juu na abiria, mwalimu wa bendi ya shule hakutaka kugusa habari ya nafasi yako. Wiki iliyopita ndipo akabandika tangazo la mchujo, na wanne tukaandika majina. Nikasema hiki ni changu. Miaka miwili nimekaa kushoto kwako, tunapiga noti zilezile, na anayesifiwa ni wewe.

Acha niseme tu, kwani sasa utanifanya nini? Nilikuonea wivu ulipokuwa hai, na ulipokufa nikazidi. Kwenye ibada ya kukuombea, Ijumaa ile, waliweka rekodi yetu ya Krismasi. Sauti ilipopanda pale juu bila kukatika, mama yako akalia, akasema, "Huyo ndiye Akinyi wangu." Akinyi, pale ulikuwa unavuta pumzi. Aliyesikika ni mimi. Nilikaa na leso mdomoni nikitamani kusimama niwaambie watu. Nani anaona wivu msibani? Mimi.

Unakumbuka ulivyonifundisha mtindo wa bendi ya kanisa lenu la Kisumu: wawili mnapiga sauti moja, mmoja akivuta pumzi mwenzake anaendelea, msikilizaji anadhani ni pumzi moja isiyoisha. Siku ya kwanza uliniambia, "We pumua, nimekushikia." Nikapumua. Nikazoea.

Mchujo ulifanywa nyuma ya pazia, mwalimu asijue anayepiga. Wimbo niliujua kwa moyo. Mstari wa nne nikapumua pangu pa siku zote, na chumba kikanyamaza kimya. Mstari wa sita, hivyo hivyo. Mwalimu akanisimamisha, akaniuliza taratibu, "Unamsubiri nani?"

Nilikukasirikia. Ungenifundisha kupiga peke yangu, ungepungukiwa nini? Au ulijua nikiweza sitakuhitaji? Nisamehe. Lakini hilo swali nimelala nalo, na bado sijui jibu.

Niliomba kurudia. Safari hii nikaiba pumzi fupi fupi popote nilipoweza, kama mtu anayepanda ngazi mbio na mizigo. Haikupendeza, ila haikukatika. Mwalimu amesema sauti yangu ni nzuri, pumzi bado. Nimepita kwa tundu la sindano.

Kiti nilichokuwa nakikalia mimi amepewa Maricel, Mfilipino wa mwaka wa kwanza, anayekaa na shangazi yake huku ugenini, mji wa Al Wakrah. Anapiga noti za juu kuliko mimi, tena anatabasamu akimaliza. Wananisifu mimi, lakini namwangalia vile nilivyokuangalia wewe, na jambo hili linaniuma kwelikweli. Alhamisi akanisogezea karatasi yake ya muziki na kalamu, akaniuliza napumulia wapi, ili yeye apumulie pengine. Hakufundishwa na mtu. Kaligundua mwenyewe kwa siku tatu tu. Nikajifanya nasafisha tarumbeta.

Nimeona aibu tangu siku hiyo. Najua sasa ilivyo kufika pale juu, pumzi imekwisha, na pembeni hakuna mtu. Sitaki afike hapo peke yake, hata kama atanipita, na atanipita.

Basi lala salama, rafiki yangu. Jumapili tuna mazoezi, na nakuahidi nitachukua kalamu yake nimwekee alama kila mahali ninapopumua mimi. Mahali ulipokuwa ukipumua wewe sitamwonyesha. Hapo bado naendelea kupiga.

Wako,
Nekesa