Neno nililomunong'onezea Papa Hippolyte

Chérie, niko nyuma ya ukumbi wa parokia, nimefunika uso na kitenge. Nasikia haya!

Unajua mi njo nanong'onezea wachezaji wa tiatri kama wamesahau maneno. Leo nilificha telefone ndani ya kitabu cha muchezo, niangalie yule binti wa inchi yetu kwenye Olimpiki, wa patinaje, ule muchezo wa kuteleza kwenye barafu.

Papa Hippolyte, anayecheza mufalme wa zamani, akasahau. Akanikazia macho. Saa ileile binti akateleza, nikanong'ona: "Yesu, ameanguka kwenye barafu!"

Naye akainua mukuki, akapaza sauti: "Yesu, ameanguka kwenye barafu!"

Kwenye barafu, Chérie! Mufalme! Watu walicheka mupaka wakatoa machozi.

Sijamuambia kitu. Anasema ni yeye hakusoma vizuri. Sasa ameketi na kitabu, taji ingali kichwani, anatafuta ile neno iko ukurasa gani.