Mama Aliyemtoa Espoir

Jumapili, Louisville. Joto la Agosti limeingia mpaka ndani ya kabati za nguo. Leo kanisani nimeimba kwa midomo tu, maana sauti yangu niliimaliza jana uwanjani, na sijutii.

Tumeshinda.

Acha niliandike tena, kwa sababu asubuhi niliamka nikakaa kitandani nikijiuliza kama niliota. Tumeshinda.

Kwa mtu atakayefika hapa bila kunijua: mimi ni Mama Riziki, nafungasha mizigo kwenye ghala moja hapa mjini, na nina timu ya besiboli. Timu si yangu peke yangu. Ni ya Wakongo wa Louisville. Watoto wetu ndio walioutoa mchezo huu shuleni wakauleta nyumbani, baba zao wakaujaribu siku moja baada ya ibada, na sasa kuna wanaume hapa wanaokosa harusi lakini hawakosi mazoezi. Columbus wana timu yao, Buffalo wana yao, wote ni watu wetu, wengi wa Kivu. Kila kiangazi tunakutana kushindana. Na kila kiangazi, mpaka jana, sisi tulikuwa wa mwisho.

Nakiri: hakuna mtu aliyelalamika kuliko mimi.

Nilikuwa na sababu. Kamati yetu, chini ya Papa Dieudonné, ilichukua mfuko wa timu ikanunua mashati mapya, mazuri kweli, yenye majina mgongoni. Wakati huo kacha wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira, alikuwa anavaa kofia iliyofungwa kwa utepe wa ghala. Halafu Patient, pitcha wetu bora, yaani mrusha mipira, shemeji yake alimtafutia kazi kule Whitehall, pembeni mwa Columbus, akahamia huko na mkono wake wa dhahabu. Kamati haikumpigia hata simu. Mwaka uliofuata huyo huyo Patient alikuja hapa akaturushia mipira mpaka wapigaji wetu wakawa wanapunga upepo.

Basi nikawa narekodi. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp sauti yangu ilijulikana. Mashati yatadaka mpira? Mtu anaondoka mnamtazama tu kama basi? Watu walinitumia vidole gumba na vicheko, na mimi nilijiona msemaji wa wananchi.

Mwezi wa nne, kwenye mkutano katika ukumbi wa kanisa, Papa Dieudonné alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Bon," akasema. "Mama Riziki, kuanzia leo wewe njo utachagua timu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Usiku ule nilikuwa na hofu ambayo sijaisikia tangu mahojiano ya kuja Amerika. Sijawahi kushika gongo maishani. Nilichokuwa nacho ni madaftari mawili. Kwa hasira tu, kila mchezo nilikuwa naandika nani kaangusha mpira, lini, na tukapata hasara gani. Nikayasoma yote mezani kama mtu anayesoma barua za zamani. Na kitu kikanipiga usoni. Hatukuwa tunafungwa kwa sababu ya Patient. Hatukuwa tunafungwa kwa uvivu wa wapigaji. Karibu kila mchezo uliharibika mahali pamoja: mpira unapita nyuma ya kacha, watu wa upande wa pili wanakimbia bure, na pitcha wetu kijana, Innocent, anaogopa. Akishaogopa harushi kwa nguvu tena. Anarusha kama anayempa mtoto chungwa.

Tulihitaji kacha. Miaka yote tulikuwa tunalilia kitu kingine.

Mdogo wangu Nabintu anakaa Buffalo, upande wa mtaa wa Bailey. Yeye ndiye aliyenitajia Byamungu. Umri wake miaka arobaini na tatu, kazi yake kuwatunza wazee, kuwainua vitandani na kuwaogesha. Buffalo walikuwa wamemweka benchi kwa sababu walipata kijana mwenye miguu myepesi. "Lakini yaya," Nabintu akaniambia, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "mpira haupite pale."

Kanuni yetu kati ya miji mitatu ni rahisi: mtu anaweza kuchezea mji mwingine kiangazi kimoja, mradi miji yote miwili ikubali na mtu mwingine aende badala yake. Nikampigia kiongozi wa Buffalo wakati wa mapumziko ya kazini, nimesimama kando ya mashine ya soda. Alimtaka Espoir.

Espoir. Mkimbiaji wetu, kipenzi cha kila mtu, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye akianza kukimbia mama zake wote kwenye uzio wanasimama. Nikasema sawa.

Hapa sasa ndipo ninapoona aibu, na nitaiandika. Nilisema sawa kabla ya kumuuliza Espoir mwenyewe.

Mimi! Niliyewasema kamati kwamba wanawachukulia watu kama maboksi. Zamu ilipoisha nilimfuata kwao kumweleza kama habari njema. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Mama, uliniuzisha?"

Nilimwomba msamaha nikiwa bado nimesimama mlangoni na viatu vya kazi. Nikamwambia akikataa nitapiga simu Buffalo saa hiyo hiyo na kufuta yote. Akasema atafikiri. Siku ya tatu akanitumia ujumbe mmoja: atakwenda, shangazi yake yuko kule na hajamwona tangu kambi ya wakimbizi. Kisha akaongeza: "Lakini nitakimbia juu yenu bila huruma."

Nililia kidogo. Halafu nikaenda kazini.

Habari zilipotoka, kikundi kiliwaka moto. Wale wale walionitumia vidole gumba sasa walinirekodia mimi. Mama Jolie, rafiki yangu wa uzio, alisema afadhali enzi za Papa Dieudonné, angalau tulivaa vizuri. Mume wangu, Baba Riziki, akaniambia mezani, mbele ya watoto, kwamba nimetoa swala nikaleta kiboko. Binti yangu akacheka akajibu kwa Kiingereza kitu ambacho sikutaka kutafsiriwa. Jumamosi iliyofuata nilikaa peke yangu kwenye uzio, na viti viwili vitupu kila upande.

Byamungu alichukua likizo yake ya mwaka akaja kulala sebuleni kwetu wiki mbili. Mtu mkubwa, mpole, anayeomba ruhusa hata ya kufungua friji. Kila siku kazi ya Innocent ikiisha alikuwa anakwenda naye kwenye kiwanja nyuma ya shule. Siku moja niliwapelekea maji nikasimama kuangalia. Innocent alikuwa bado anarusha lile chungwa lake. Byamungu akasimama, akavua kofia, akamfuata mpaka pale alipo.

"Unaogopa nini?"

"Utapita, papa. Ukipita watu bananicheka."

"Minabeba wazee kutwa nzima, sijaangusha hata mmoja. Rusha na nguvu yako yote. Kama unapita, kosa ni yangu, si yako."

Akarudi, akachuchumaa. Innocent akavuta pumzi, akarusha. Ule mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu! Ndege waliruka kutoka kwenye paa la shule. Nikajua. Kacha tumempata.

Jana, basi.

Buffalo walikuwa wameshawafunga Columbus siku ya Ijumaa. Jana asubuhi na sisi tukawafunga Columbus, kwa pointi moja, Patient akirusha vizuri kama kawaida yake na Innocent akirusha vizuri kuliko yeye. Hapo watu wakaanza kusogea. Viti viwili vya kulia vikapata wenyewe. Mama Jolie akaja na biringanya zake za kukaanga, akakaa kwenye kimoja. Mchezo wa alasiri, sisi na Buffalo, ndio ungetoa bingwa.

Sitaeleza wote. Nitaeleza mwisho.

Kipindi cha saba, cha mwisho. Tuko mbele kwa pointi moja. Buffalo wamebaki na nafasi mbili: wakitolewa nje watu wao wawili, mchezo umekwisha. Espoir, akiwa na shati la Buffalo, amegonga mpira, amekimbia, akaiba besi, yaani akachomoka kwenda kituo cha mbele bila mpira kugongwa, na sasa amesimama besi ya tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, pale anapochuchumaa kacha. Akifika nyumbani, tunalingana. Namwona anachezesha vidole kama alivyokuwa akifanya alipokuwa wetu. Nyuma yangu mtu akasema, kwa sauti ya kutosha nisikie, "Si yeye aliyemtoa?"

Mpigaji wao akaupandisha mpira juu sana, upande wa kushoto. Baraka, anayeendesha forklift ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala letu, akarudi nyuma, akarudi, akaudaka. Mpigaji nje. Lakini kwa kanuni, mpira ukishadakwa hivyo, aliye kwenye besi anaruhusiwa kukimbia. Na Espoir alikuwa ameshaondoka kama risasi.

Baraka akautupa mpira nyumbani, ili kacha amguse nao Espoir kabla hajafika.

Mama zangu, sijawahi kuona mpira unachelewa hivyo. Espoir anakuja, vumbi linapanda, Byamungu yuko pale amepiga goti moja, hasogei, hata kope hazisogei. Mpira na mtu vikafika pamoja. Espoir akajitupa miguu mbele. Wakagongana, kofia ikaruka, vumbi likawafunika wote wawili.

Mwamuzi akainama. Na kutoka kwenye vumbi ukatokea mkono mmoja mkubwa, glavu juu, na ndani ya glavu, mpira.

"Nje!"

Sikumbuki nilivyoruka uzio. Nina miaka arobaini na sita na goti baya, lakini niko upande wa pili, nakimbia, Mama Jolie nyuma yangu akipiga vigelegele, biringanya zimemwagika nyasini. Watu wote walikuwa wanamkimbilia Byamungu. Mimi nilimkimbilia Espoir, kwa sababu alikuwa bado amelala chali akitazama mbingu.

Nikapiga magoti pembeni yake. "Umeumia?"

Akageuza kichwa. Uso wote vumbi, meno meupe. "Mama, yule papa ni ukuta." Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na kumbe nilikuwa nalia. Kisha akanishika mkono. "Mwaka kesho uniulize kwanza."

"Nitakuuliza kwanza," nikasema. "Wewe na kila mtu."

Papa Dieudonné alikuja kunipa kombe mwenyewe. Angeweza kusema mengi, mtu niliyemsumbua miaka miwili mbele ya watu. Alinipa hongera tu, "Félicitations, mama," akashika kombe upande mmoja nami upande mwingine, tukalinyanyua pamoja. Baba Riziki alikuwa amembeba Byamungu mgongoni, au alikuwa anajaribu. Walianguka wote wawili.

Leo mchana Buffalo wameondoka. Byamungu na Espoir, anayerudi kumalizia kiangazi kwa shangazi yake, wamepanda gari moja, wamekaa kiti kimoja, wakibishana bado kama mguu ulifika kabla ya glavu. Innocent amesimama barabarani akipunga mkono mpaka gari likapotea.

Mimi nimekimbia nchi, nimeacha nyumba, nimeishi kambini miaka ambayo sipendi kuihesabu. Nimepokea vitu vingi: mahema, unga, blanketi, karatasi za kuingia hapa. Vyote nilipewa. Sikuwahi kushinda kitu mbele ya watu, kwa akili yangu mwenyewe, wakati kila mtu anasema nimekosea.

Sasa nimeshinda. Kombe liko juu ya friji, ni la plastiki, na lina alama ya vidole vya kila mtu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naingia zamu. Nitaamka dakika tano mapema ili nisimame jikoni nilitazame kwanza.